Je, wajua kompyuta yenye kilobaiti moja iliwezaje kucheza sataranji?

Machi 1978, kwenye maonyesho ya West Coast Computer Faire mjini San Jose, Marekani, programu za kompyuta ndogo zilishindanishwa kwa sataranji. Sargon, iliyoandikwa na mume na mke, Dan na Kathe Spracklen, ilishinda michezo yake yote mitano. Kete zilisogezwa na watu: mashine inataja hatua, mtu anaicheza ubaoni, mwenzake anaiandika kwenye mashine ya pili. Uamuzi ulikuwa wa mashine peke yake.

Iliamuaje? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kompyuta ilikariri michezo. Jibu hilo lina mvuto, kwa kuwa tumezoea kuiona kompyuta kama ghala. Lakini hebu tupige hesabu. Mweupe ana hatua 20 za kuanzia, mweusi ana majibu 20. Kila mmoja akishacheza mara moja tu, tayari kuna njia 400. Mwaka 1950 mwanahisabati Claude Shannon alikadiria kuwa michezo inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sufuri 120. Hata kompyuta za leo haziwezi kuihifadhi, sembuse KIM-1, kompyuta ndogo ambayo Peter Jennings aliiandikia programu ya sataranji, Microchess, mwaka 1976. Ilikuwa na baiti 1,152 za kumbukumbu, yaani kilobaiti moja na kidogo; ujumbe wa simu wa aya chache ungeijaza. Skrini haikuwapo. Hatua ilionekana kwa tarakimu 6 zinazowaka, na ubao ulikuwa wako mwenyewe, mezani. Ni kweli kwamba hatua chache za ufunguzi ziliweza kuwekwa humo, lakini zikiisha, mashine ilibaki na kazi moja: kuhesabu.

Kuhesabu nako kuna mtego. Katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua kama 30 za kuchagua. Ukitazama hatua 4 mbele, zako 2 na za mpinzani 2, unapata hali 810,000 za kukagua. Kwa kompyuta za wakati ule, huko ni kumchosha mpinzani kwa kusubiri.

Sargon ilitumia mbinu iitwayo alfa-beta. Chukulia unatafuta chumba cha kupanga, na kila chumba unakipima kwa kasoro yake mbaya kuliko zote. Cha kwanza umekikagua chote: kasoro yake kubwa ni choo cha kuchangia. Cha pili unafungua mlango tu, unakuta paa linavuja. Utahangaika kukagua madirisha na bomba? La, unaondoka. Kwenye sataranji, kasoro ni jibu la mpinzani. Likipatikana jibu moja linaloifanya hatua yako iwe mbaya kuliko ile uliyo nayo tayari, majibu mengine hayana haja ya kutazamwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hapa hakuna kubahatisha: uamuzi wa mwisho ni uleule ambao ungefikiwa kwa kukagua kila kitu. Mambo yakipangika vizuri kabisa, zile 810,000 hushuka hadi 1,799. Kwa kawaida hayapangiki hivyo, ndiyo maana kuanza na hatua kali, hasa za kula kete, husaidia sana.

Bado mashine ingeweza kukomea pabaya, malkia wake amekula kitunda na hesabu imeishia hapo, kabla haijaona kwamba hatua inayofuata malkia huyo analiwa. Sargon ilijikinga kwa kuhesabu, kwa kila kete, wanaoishambulia na wanaoilinda, kisha kukadiria nani angepata hasara kete zikilana.

Michezo mitano haitoshi kupima nguvu ya programu, tena mashine za San Jose hazikuwa za aina moja. Ni vigumu kutenganisha ubora wa programu na kasi ya chombo. Lakini mwaka 1980, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya kompyuta ndogo, jijini London, mshindi alikuwa Chess Challenger ya kampuni ya Fidelity, na programu yake iliandikwa na akina Spracklen walewale.