Mwajiri yuko Marekani, wewe uko Nairobi: mbona kodi inadaiwa Kenya?

Mtu amekaa Rongai, nje kidogo ya Nairobi, kompyuta iko juu ya meza ya chakula, anaandika programu za kampuni ya Chicago. Analipwa kwa dola, mkataba unafuata sheria za Illinois, na bosi wake hajawahi kukanyaga Afrika. Wengi wa aina yake huamini kwamba pesa hizo ni za Marekani, na kama kuna wa kuzikata kodi, basi ni Wamarekani.

Sivyo. Kwa ujira wa kazi, sheria ya kodi ya Marekani haiulizi anayelipa yuko wapi. Inauliza mfanyakazi alikuwa wapi alipokuwa akiifanya kazi yenyewe. Kazi iliyofanyiwa Rongai ni pato la nje, hata pesa zikitoka kwenye benki ya Manhattan. (Mwenye uraia wa Marekani ana yake: nchi hiyo humdai kodi popote aishipo.)

Ndiyo maana kabla ya malipo ya kwanza kampuni hukutumia fomu ya W-8BEN, ya ukurasa mmoja, ambayo unaapa kwamba kikodi wewe si Mmarekani. PIN yako ya KRA, yaani namba uliyopewa na mamlaka ya kodi ya Kenya, huingia mstari wa 6. Sehemu ya pili ndiyo huwatoa watu jasho, kwa sababu inauliza habari za mkataba wa kodi baina ya nchi mbili, nao wanahangaika kutafuta asilimia ya kujaza. Iache wazi. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, na hapa hauhitajiki.

Sasa njoo Kenya. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata kwa muda mfupi katika mwaka, wewe ni mkazi. Asiye na makazi hayo huwa mkazi akitimiza siku 183. Mkazi hutozwa kwa ajira yake iwe ya ndani au ya nje, kuanzia asilimia 10 hadi 35 kadiri pato linavyopanda.

Shida ni kwamba hakuna anayekukatia. Aliyeajiriwa hapa hukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kabla hajauona mshahara wenyewe. Bosi wa Chicago hana habari na KRA, kwa hiyo dola zinaingia nzima, zinaliwa nzima, halafu Juni 30, siku ya mwisho, inabisha hodi na hujawasilisha ritani ya kodi. Mwenye kulipwa kama mkandarasi, yaani mtu anayejitegemea wala si mwajiriwa, anaweza hata kutakiwa kulipa kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kila tarehe 20.

Na kwa nini uitwe mkandarasi wakati unapangiwa kazi kila asubuhi kama mwajiriwa? Kampuni inaogopa. Ikiwa na mtu wake Nairobi, hasa anayeifungia mikataba, KRA inaweza kusema kampuni yenyewe ina kituo cha kudumu Kenya, na faida yake ikaanza kudaiwa kodi huku. Neno “mkandarasi” huipunguzia hofu hiyo, nawe unakosa likizo ya siku 21 na miezi 3 ya uzazi ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa.

Kampuni nyingine hupitia wakala aliyesajiliwa Kenya, anayekuwa mwajiri wako kwenye karatasi na kukukata PAYE, NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya) na 1.5 ya ushuru wa nyumba. Mshahara wa mkononi hupungua. Kwa mwenye familia changa, mimi ningeuchukua mpango huo.

Ukiitwa Chicago kwa wiki mbili za kazi, hesabu inageuka: ujira wa wiki hizo ni pato la Marekani, kwa kanuni ileile. Wamarekani wenyewe wana jimbo lisiloifuata. Mkazi wa New Jersey ambaye ofisi yake iko New York, akifanyia kazi nyumbani kwa hiari yake, New York humhesabia siku hiyo kana kwamba alikuwa ofisini, na kumtoza.