Eli kongwe ya Kiingereza: yanayosemwa na yaliyomo glasini

"Bia lazima iwe baridi sana." Labda bia nyepesi ya kukata kiu. Eli kongwe (old ale), bia nzito ya Kiingereza ambayo mara nyingi hulazwa, yaani huhifadhiwa muda mrefu ili ikomae, ikitoka kwenye friji kwa nyuzi 4, pua haiambulii kitu. Iache ifike nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Mimina kama mililita 100 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, nusa kabla ya kuonja, kisha nusa tena baada ya dakika 10. Tofi, molasi na zabibu kavu hujitokeza katika mnuso huo wa pili.

"Ikiwa nyeusi, ndiyo kali." Rangi hutokana na jinsi kimea (nafaka iliyooteshwa) kilivyokaushwa au kukaangwa, ukali hutokana na sukari iliyogeuka kuwa kileo. Guinness ya bomba ni nyeusi tititi na ina kileo cha 4.2% tu. Eli kongwe ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na kwa kawaida huwa kati ya 5.5% na 9%.

"Bia iliyoguswa na hewa imeharibika." Hapa ndipo hata waonjaji wazoefu huteleza. Oksijeni ikipenya polepole kwa miezi mingi, huleta ladha inayofanana na sheri au porto, divai zilizoongezwa pombe kali, nayo inatakiwa. Ikiingia kwa wingi wakati wa kujaza chupa, huleta harufu ya boksi lililolowa. Ukiwa na shaka, meza funda moja usubiri: sheri huacha utamu wa tunda kavu, boksi huacha ukavu wa karatasi. Harufu ya mchuzi wa soya au mpira ulioungua ni kesi nyingine, ya hamira iliyokufa na kuvunjika ndani ya chupa.

Uchachu mdogo na harufu ya ngozi, kama ya tandiko la farasi, pia husingiziwa uchafu. Mara nyingi ni kazi ya hamira ya Brettanomyces. Niels Hjelte Claussen wa Carlsberg, kiwanda cha bia cha Denmark, aliitangaza mwaka 1904, akaihusisha na ladha halisi ya bia za Kiingereza zilizolazwa. Siki inayochoma pua, hiyo ni kasoro.

"Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga." Si kila chupa. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hufifia na utamu hubaki peke yake, kwa hiyo bia ya 5.6% haina sababu ya kulazwa miaka kumi. Za kulaza zisimamishwe wima, gizani, mahali pa ubaridi.

"Mwonjaji hutema." Wa divai, ndiyo. Wa bia humeza kidogo, kwa sababu harufu nyingi hupanda puani kutokea kooni.

Na povu dogo lisikutishe. Kileo kingi hulipunguza. Kwenye fomu ya BJCP, shirika linalothibitisha majaji wa bia, yenye alama 50, mwonekano wote una alama 3, ladha 20.