Je, wajua? Figo la dada likitiwa kwa kaka, DNA ya dada huenda wapi?

Pita mashamba ya Gede au Magarini, huko Malindi, uangalie mwembe uliopandikizwa. Mche wa kienyeji hukatwa kichwa na kupasuliwa kidogo, kijiti cha ngowe kikachongwa kama kabari na kupachikwa hapo, kisha pakafungwa utepe wa plastiki. Matawi yatazaa ngowe, lakini shina chini ya kiungo ni la kienyeji mpaka mti unakufa, na likichipua huko chini, machipukizi yake huzaa embe la kienyeji. Maji na chakula vinapita, vinasaba havichanganyiki. Kiswahili kimetumia neno hilohilo, kupandikiza, kwa figo, na hakikukosea sana.

Figo jipya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Huungwa mara tatu: mshipa wa kuleta damu, mshipa wa kuitoa, na mrija unaoshusha mkojo kibofuni. Mafigo ya zamani kwa kawaida hayatolewi, kwa hiyo kaka huenda akatembea na mafigo matatu. Seli za lile la dada hubaki na DNA ya dada, mwaka wa kwanza hata wa kumi, maana zinapojigawa hujinakili zenyewe. Za kaka zinazohamia humo ni chache, hasa za damu na za kutandika mishipa.

Mabarazani huulizwa: mke akimpa mumewe figo, wamekuwa kama walionyonya ziwa moja? Hukumu ya ziwa ni fiqhi, tuwaachie mashekhe. Upande wa vinasaba, hakuna undugu ulioingia. Mbegu za mume hutoka kwenye korodani zake, wala figo halizigusi. Mtoto hatarithi chochote kupitia figo hilo.

Ila makombo huvuja. Seli za figo zinapokufa, vipande vya DNA yake humwagika kwenye damu na kusafishwa ndani ya saa chache. Figo likitulia, vipande hivyo kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1 ya DNA yote inayoelea kwenye damu. Vikipanda juu ya hapo, daktari hushuku kwamba mwili unalishambulia figo, pengine kabla kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua kama figo linafanya kazi, haijapanda. Kipimo hiki kina mitego yake. Siku za mwanzo baada ya upasuaji kiwango huwa juu hata kama mambo ni shwari, na maambukizi kwenye figo nayo hukipandisha. Ndiyo maana hukumu ya mwisho hutolewa na kinyofu cha figo chini ya hadubini. Kwa pacha wa kufanana kipimo hakifai kitu: DNA ni moja.

Uboho wa mifupa ni habari nyingine kabisa. Huo ndio kiwanda cha damu, hivyo baada ya miezi kadhaa damu ya mpokeaji hubeba DNA ya mtoaji, na kundi la damu likigeuka humfuata mtoaji. Nywele hubaki za mwenyewe. Mate huchanganyika kwa sababu ya seli nyeupe zilizomo, kwa hiyo aliyewekewa uboho akipimwa DNA ya uzazi lazima aiambie maabara mapema. Viungo vingine havifiki huko, ingawa mwaka 2008 madaktari wa Australia walieleza habari za msichana aliyewekewa ini akiwa na miaka 9, na seli za ini lile zikachukua nafasi ya mfumo wake wa damu. Ni nadra mno.

Kwa kuwa figo halibadiliki, kinga ya kaka haiachi kulitambua kuwa mgeni. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston mwaka 1954, uliwezekana kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana. Wengine karibu wote humeza dawa za kutuliza kinga maisha yao yote. Mojawapo ni tacrolimus; ile ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Anayeziacha kwa kuwa “figo limeshazoea” kwa kawaida hulipoteza. Na hapa pwani kuna hatari inayokaa sokoni: balungi na danzi huzuia mwili kuivunja tacrolimus, dawa ikajaa kwenye damu na kuliumiza figo lilelile. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo.