Kusafisha Paipu ya Shaba Kabla Haijagusa Kinywaji

Wanaojitengenezea koili ya shaba ya kupozea maji ya kimea (bia kabla haijatiwa hamira) nyumbani hapa Mombasa hutuuliza sana, sisi wakufunzi wa ufundi wa metali, kama paipu isuguliwe mpaka ing'ae. Hakuna haja. Shaba nyekundu ikikaa hugeuka hudhurungi, na ganda hilo jembamba huikinga. Kinachotakiwa kutoka ni mafuta, chenga, masalio ya dawa ya kulehemia, na ile kutu ya kijani, ambayo ni sumu na kwa upepo wetu wa bahari haichelewi kuota. (Kutengeneza kileo cha kuuza kunataka leseni chini ya sheria ya Kenya ya vileo ya 2010, lakini hilo ni la afisi nyingine.)

Paipu iliyong'olewa kwenye friji au kiyoyozi kikuukuu ni ya bei nafuu, ila ndani ina mafuta ya kompresa, na viungo vyake huenda vililehemiwa kwa aloi ya fedha yenye kadimiamu, metali ya sumu. Mwachie muuza vyuma chakavu. Hata paipu mpya huja na mafuta ya kiwandani, basi ioshe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, nje na ndani.

Kwenye ukingo ndiko wengi hufanya haraka. Kisu cha kukatia paipu huisukuma shaba kwa ndani ikawa na mdomo mkali, unaobana maji na kushika uchafu. Uondoe kwa tupa ndogo ya duara, paipu ikiwa imeinamishwa ili chenga zianguke nje. Kisha piga msasa namba 220, umalizie na 400, ukiulowesha ili vumbi lisipeperuke. Usitumie sufi ya chuma ya kusugulia sufuria: huacha vipande vidogo vya chuma, navyo hushika kutu.

Nisilolionea haya kulikazia ni lehemu. Ile ya mafundi wa redio aghalabu ni bati 60% na risasi 40%, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tumia lehemu ya bati na shaba isiyo na risasi. Kiungo usichojua kililehemiwa kwa kitu gani, kikate. Hakuna msasa utakaokitakasa.

Madoa meusi na ya kijani huondoka kwa siki iliyotiwa kijiko cha chumvi kwa lita, kwa dakika 10 hivi. Mwaga siki hiyo, kwani imeshabeba shaba. Suuza kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, kisha kausha kwa kitambaa.

Viungio vya shaba njano vina risasi kidogo juu yake. Vitie katika siki vikombe 2 na haidrojeni peroksaidi ya 3% kikombe 1, mpaka viwe na rangi ya siagi, visizidi dakika 15. Mchanganyiko ukigeuka kijani, umwage, uanze upya. Paipu nyekundu usiitumbukize humo, italika.

Koili ipoze maji ya kimea kabla ya hamira kutiwa. Bia ikishachacha, hamia chuma cha pua kisichoshika kutu, maana shaba huifanya ladha yake iharibike upesi. Na dawa ya klorini ya kufulia isiguse koili hata kidogo: huipaka weusi ambao utakurudisha kwenye siki.