Kabla ya kuuliza mitungi mingapi, hesabu watu

Tangu kanuni mpya ya majengo ianze kutumika hapa Kenya, swali ninaloletewa zaidi ni la mitungi. "Mhandisi, sasa wanataka mitungi mingapi ya kuzimia moto kila ghorofa?" Anayeuliza huwa na nia njema, na mara nyingi fedha za kuinunua anazo tayari. Lakini katika kazi yangu mtungi huja mwishoni. Mwanzoni kuna mambo mawili ya kujua: jengo linatumiwa kwa shughuli gani, na likijaa linakuwa na watu wangapi ndani. Hayo mawili ndiyo yanayoamua upana wa ngazi, idadi ya milango, mlango ufunguke kuelekea wapi, ukuta uhimili moto kwa muda gani, na hatimaye hata hiyo mitungi.

Kwa zaidi ya nusu karne tulijenga kwa sheria ndogo za mwaka 1968. Ziliandikwa ili kila baraza la mji lizipitishe lenyewe ndipo ziwe na nguvu katika eneo lake, na mabaraza hayo hayapo tena tangu serikali za kaunti zilipochukua nafasi yake. Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya 2024, iliyotolewa kama Tangazo la Kisheria namba 47 la mwaka huo chini ya sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ilianza kutumika Machi 2025. Ni ya nchi nzima. Haingoji kaunti iipende.

Wengi wameisoma kama orodha ya vifaa vya kununua. Naomba uisome kwa jicho la matumizi ya jengo. Chukua ukumbi mmoja mtupu, mita 12 kwa 10, ghorofa ya tatu, popote Nairobi, Nakuru au Mombasa. Je, unaingiza watu wangapi? Nitapiga hesabu kwa majedwali ya kanuni ya kimataifa ya majengo inayotumika Marekani, kwa sababu yako wazi na ni rahisi kuyafuata. Ramani yako wewe itapimwa kwa majedwali ya Kenya, lakini njia ya kufikiri ni ileile.

Ukumbi huo ukiwa ofisi, kila mtu anahesabiwa mita za mraba 14 hivi, kwa hiyo unapata watu 9. Ukiwa bweni, mita 4.6 kwa kila mtu, watu 26. Ukiwa darasa, wanafunzi 64. Ukiwa mkahawa wenye meza na viti, watu 86 hivi. Ukiwa kanisa lenye viti vya plastiki visivyofungwa sakafuni, mtu mmoja anahesabiwa mita 0.65 tu, na ukumbi uleule unabeba watu 184.

Kutoka 9 hadi 184, na hakuna tofali lililosogezwa.

Hesabu za ngazi nazo zinapanda. Kwa majedwali hayohayo kila mtu anapewa milimita 7.6 za upana wa ngazi, hivyo watu 184 wanadai karibu mita 1.4. Tena upana peke yake hautoshi. Chumba cha mkutano chenye watu 50 au zaidi lazima kiwe na njia mbili za kutokea, na njia hizo zisiwe jirani: umbali kati yake usipungue nusu ya mstari wa pembe kwa pembe wa chumba, ambao kwa ukumbi wetu ni mita 15.6, yaani karibu mita 8 kati ya mlango na mlango. Ukiweka milango miwili ubavu kwa ubavu, moshi unaofunga mmoja unafunga na wa pili. Watu wakizidi 500 milango inakuwa mitatu, wakizidi 1,000 minne. Kuanzia watu 50 mlango unafunguka kuelekea nje, na kitasa chake kinakuwa upau wa kusukuma kwa kiwiliwili, bila ufunguo na bila kuzungusha chochote.

Niongeze jambo moja ambalo wateja hulisahau. Idadi ya jedwali ni msingi wa kuanzia. Ukiingiza watu wengi kuliko jedwali, hesabu inafuata watu halisi waliomo. Huwezi kumwambia mkaguzi kwamba jedwali linasema 26 wakati vitanda ni 80.

Majedwali yenyewe pia hubadilika kadiri tunavyojifunza, na si kila badiliko ni la kukaza. Zamani Wamarekani waliihesabia ofisi mita 9.3 kwa mtu. Toleo la 2018 likapanua hadi karibu mita 14, kwa kuwa ofisi za kweli zilionekana kuwa na watu wachache kuliko ilivyodhaniwa. Kanuni nzuri hufuata jinsi watu wanavyoishi. Ndiyo maana inanisikitisha kusikia watu wakisema kanuni mpya imeletwa ili kusumbua wawekezaji.

Mabadiliko mengine yameandikwa baada ya maziko. Boston, Novemba 28, 1942, watu 492 walikufa katika klabu ya Cocoanut Grove. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano wa watu. Mingine ilikuwa imefungwa, na mwingine ulifunguka kuelekea ndani, hivyo umati uliousukuma ndio ulioufunga. Ndiyo sababu leo mlango wa kuzunguka lazima uwe na mlango wa kawaida ubavuni. Miaka 60 baadaye, Februari 20, 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island. Chini ya dakika mbili mlango mkuu ulikuwa umezibwa na miili ya watu walioangukiana. Milango mingine ilikuwepo, lakini wengi walikimbilia ule walioingilia. Walikufa 100. Baada ya hapo kiwango cha Marekani cha usalama wa maisha kilidai vinyunyizio vya maji hata katika kumbi za zamani za aina hiyo zinazobeba zaidi ya watu 100, pamoja na wasimamizi wa umati waliofunzwa.

Kwetu, vilio vyetu ni vya mabweni. Bombolulu, Pwani, Machi 1998: walikufa wasichana 26. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Moi Girls Nairobi, Septemba 2017: wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21, watoto wa shule ya msingi, katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Ndugu zetu wa Tanzania hawajausahau moto wa shule ya Shauritanga wa Juni 1994. Ukizisoma habari za moto huu mmoja baada ya mwingine, mambo yaleyale yanarudi: mlango uliofungwa kwa kufuli, dirisha lenye vyuma, vitanda vilivyosongana, watoto wengi kuliko nafasi.

Na jambo la kuuma zaidi ni kwamba majibu tulikuwa nayo. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unasema nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke nje, iwe mmoja kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Wanafunzi wakiwa ndani milango isifungwe kutoka nje wakati wowote. Madirisha yasiwe na grili. Kila sharti hapo lina sababu inayoonekana ukiwaza moto wenyewe. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, kaboni monoksaidi na sianidi, na moshi huo hujaa kuanzia darini ukishuka. Mtoto wa kitanda cha juu anaufikia kwanza. Mita mbili za njia ni za watoto wengi kushuka kwa pamoja gizani, wakikohoa, bila kukanyagana. Mkuu wa shule anayeongeza safu moja ya vitanda kwenye njia hiyo ameondoa mlango, ingawa mlango bado unaonekana ukutani.

Hapa ndipo kubadili matumizi kunapoua watu, na hapa ndipo ningependa kaunti zikaze. Ramani iliidhinishwa kama ukumbi wa kulia chakula; shule ikapata wanafunzi wengi, ukumbi ukawa bweni. Nyumba ya familia moja kule Kilimani au South C, Nairobi, yenye ngazi ya sentimita 90 na mlango mmoja, sasa ni shule ya chekechea. Ghala limekuwa kanisa. Vyumba vya wapangaji vimekuwa hosteli ya wanafunzi wa chuo. Mwenye jengo ananionyesha ramani yenye muhuri na kuniuliza tatizo liko wapi, kwani jengo liliidhinishwa. Liliidhinishwa kwa watu wengine! Mtu aliyelala huchelewa kugundua moto, mtoto wa miaka mitatu hawezi kushuka ngazi peke yake, na mgeni wa Jumapili hajui mlango wa nyuma uko wapi. Kwa upande wa moto, jengo lililobadilishwa matumizi ni jengo jipya. Kisheria pia: Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahesabu kubadili matumizi kuwa uendelezaji unaohitaji kibali cha kaunti.

Kuhusu grili, najua ninachodai. Mtu aliyevunjiwa nyumba mara mbili hawezi kuambiwa atoe vyuma vyote madirishani aende zake akalale. Katika nyumba ya familia huwa napendekeza angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo, kubwa kiasi cha mtu mzima kupita, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto, awe amewahi kuifungua kwa mkono wake mwenyewe. Fundi wa kuchomelea yeyote mtaani anaweza kuitengeneza. Kwa bweni la shule sikubali hata hiyo; mwongozo umeshasema bila grili, na ulinzi wa shule ni kazi ya ua na mlinzi.

Nyumba za kupangisha zina ugonjwa wake. Mara nyingi ngazi ni moja kwa ghorofa tano au sita, na chini ya ngazi hiyohiyo ndipo zilipobanwa mita za stima za wapangaji wote. Nyaya zikipata joto hapo, moto unaanzia mguuni mwa njia pekee ya kutokea, na ngazi inauvuta moshi juu kama bomba la moshi la jikoni. Halafu kuna mitungi ya gesi inayouzwa kwenye duka la chini, magodoro ya zamani na pikipiki zilizoegeshwa kwenye korido, mlango wa paa wenye kufuli kwa sababu ya wezi wa nguo, na lango ambalo ufunguo wake usiku unakaa na mlinzi mmoja tu. Hakuna hata kimoja hapo kinachotibiwa na mtungi mwekundu ukutani. Kuhamisha mita, au angalau kuzifungia kwenye kabati lisiloshika moto na kuliweka mbali na ngazi, kunaokoa watu zaidi ya mitungi kumi.

Wenye majengo ya zamani hujitetea kwamba kanuni mpya haiwahusu. Kama ndani kuna mtu aliyeajiriwa, bado kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo, ambazo haziulizi jengo lilijengwa lini. Zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka na mazoezi ya kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Shule ni mahali pa kazi. Kanisa lenye karani ni mahali pa kazi. Fanyeni zoezi hilo bila kutangaza saa, na kwa bweni lifanyeni usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu moto wa bweni hauji saa nne asubuhi baada ya gwaride.

Ukitaka kukodi jengo kwa shule, kanisa, zahanati au hosteli, usilipe arubuni kabla hujaona cheti cha kukalia jengo na matumizi yaliyoandikwa humo. Kama matumizi yako ni tofauti, mwite msanifu au mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kusaini mkataba, apime ngazi, ahesabu watu, aone kama njia ya pili ya kutokea inawezekana hata kujengwa. Kuna majengo ambayo haiwezekani: yamebanwa pande tatu na ploti za jirani, na hakuna pa kuteremshia ngazi nyingine. Jengo la namna hiyo liache. Mwenye nyumba atakuambia mwaka jana palikuwa na shule nyingine na hakuna aliyeuliza.

Na mzazi, siku ya kutembelea shule, omba kuingia bwenini. Hesabu vitanda. Pita kati yake ukiwa umenyoosha mikono. Kama viwiko vinagusa vyuma, nafasi haitoshi. Sukuma mlango wa mbali, ule usiotumika, uone kama unafunguka nje. Ukiukuta na kufuli, uliza ufunguo uko kwa nani saa nane za usiku, na umngoje mwalimu akujibu.