Kabla hujaenda kusomea filamu: maneno ya kijiweni na mambo yalivyo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, washauri huzuka kila kona. Mjomba anasema filamu ni ya waliokosa kozi. Jirani anayepiga video za harusi anasema uza pikipiki ununue kamera. Mengine yanayosemwa yana ukweli kidogo ndani yake, na hayo ndiyo hupoteza watu zaidi.

"Filamu ni kimbilio la waliofeli"

Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa mhitimu wa kidato cha sita ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4. A ina pointi 5 na D ina 2, kwa hiyo hata D mbili zinafika mlangoni. Ila mlangoni si ndani: kila chuo huongeza masharti yake na nafasi ni chache, hivyo fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka wako usome mstari wa kozi yenyewe. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Aliyepitia stashahada, kwa mfano pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, huomba kwa GPA isiyopungua 3.0.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Elibariki, cha kidato cha nne kinasema Elly, na Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Linganisha vyeti vyako herufi kwa herufi sasa hivi, dirisha la mkopo kabla halijafunguliwa.

"Anza na kamera, mengine yatafuata"

Chuoni kazi za vitendo hufanywa kwa vikundi, na kamera moja hutumiwa na watu wengi. Atakayekupa alama hakuulizi kamera ni ya nani. Kwa miezi hii ya kusubiri, simu inayorekodi 1080p inatosha, mradi ujifunze kuiwekea mambo kwa mkono badala ya kuiachia ijiamulie.

Weka fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50. Sababu iko kwenye nguzo ya TANESCO: umeme wetu ni Hz 50, na taa za tyubu pamoja na LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inakusanya mipepeso miwili kamili, picha inatulia. Ukiweka 1/60 unakata mpepeso katikati, na mistari ya giza inaanza kutambaa ukutani. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoka Marekani, ambako umeme ni Hz 60, ndiyo maana namba zao zinakuharibia picha ya sebuleni Njiro, Arusha.

Tatizo la pili la simu halionekani hadi unapoanza kuhariri. Programu ya kamera iliyokuja na simu hupandisha na kushusha idadi ya fremu yenyewe kulingana na mwanga, na baada ya dakika chache midomo na sauti vinaachana. Tumia programu inayofunga fremu, kama Blackmagic Camera ambayo ni ya bure, au pitisha faili kwenye HandBrake na uchague fremu zisizobadilika.

"Sauti tutairekebisha kwenye kompyuta"

Huu ndio uongo wenye gharama kubwa kuliko yote. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga. Asiposikia maneno, anaondoka. Na ni vigumu kwa programu kutoa mvua ya kwenye bati katikati ya mazungumzo bila kuifanya sauti ya mtu ilie kama inatoka kwenye kopo.

Maiki ya kamera iliyo mita 3 kutoka kwa mwigizaji hurekodi chumba, bodaboda na friji kwa usawa ule ule na maneno. Dawa ni kusogea. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti inayoifikia maiki moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki vile vile. Maiki ya bumu, ile ya kwenye mti mrefu, ikae sentimita 30 hadi 60 kutoka mdomoni, juu kidogo ya ukingo wa fremu.

Huna bumu? Chukua simu ya pili na earphone za waya zenye maiki. Pitisha waya ndani ya shati, maiki ikae kifuani shubiri moja chini ya kidevu, uibane kwa utepe wa gundi ili isikwaruzane na kitambaa. Weka simu hiyo kwenye hali ya ndege, bonyeza rekodi, kisha mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo klapa yako: kwenye kuhariri unapanga mlio juu ya fremu ambayo viganja vinakutana.

Chumba nacho kina lake. Ukuta wa saruji na sakafu ya vigae hurudisha kila neno. Mablanketi mawili mazito ya mtumba kutoka masoko ya Memorial au Kiboriloni pale Moshi, moja likaning'inizwa nyuma ya kamera na jingine likatandikwa sakafuni nje ya fremu, hufanya kazi ambayo watu huidhania ni ya kifaa cha gharama. Zima friji, na uweke funguo zako za nyumba ndani yake ili usisahau kuiwasha. Kabla ya kuhama chumba, nyamazeni wote mrekodi sekunde 30 za ukimya wake, maana mhariri ataziba mapengo kwa huo. Kama kinasa chako kina kipimo cha ukubwa wa sauti, sehemu za juu za mazungumzo ziguse karibu na desibeli -12. Zikigonga 0, sauti imepasuka na haishoneki.

"Mlima upo, ni kwenda kupiga tu"

Anayeishi Moshi anajua kuwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana alfajiri na mara nyingi hujifunika mapema asubuhi. Mtu wa filamu ajue zaidi ya hapo: shoti ya kwanza ikiwa na kilele na ya tano ikiwa na wingu, sini imevunjika. Panga pembe zote zinazoonyesha mlima zipigwe mfululizo, kisha geuza kamera upige nyuso bila mlima.

Jua letu hupanda karibu wima. Mchana hukaa juu ya utosi na macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo meusi. Msogeze kivulini mwa mwembe, karibu na ukingo, na mtu ashike shuka jeupe mita moja kutoka usoni. Pima mwanga usoni kwake: ukipima anga, ngozi nyeusi inazama. Mwanga laini wa jioni ni kama dakika 40 tu za mwisho, na jua huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 kasoro dakika 5. Hizo ni shoti tatu, labda nne.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha kupiga filamu, hifadhi za taifa zina kibali cha TANAPA na ada yake, na droni ni suala la TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

"Bila laptop ya mamilioni huwezi kuhariri"

RAM ya GB 16 na SSD ni raha, ila GB 8 inasogea ukitengeneza proksi, yaani nakala ndogo unazohariria kabla programu haijarudi kwenye faili kubwa. Hela nyingi ipeleke kwenye hifadhi. Kamera ya megabiti 100 kwa sekunde hula MB 750 kila dakika, GB 45 kwa saa. Nunua eksitano (diski za nje) mbili ndogo badala ya moja kubwa, na usifute memori kadi hadi faili ziwe kwenye zote mbili na umezifungua ukaziona.

"Stori iko kichwani"

Basi itoe. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Andika kurasa tatu, watu wawili, sehemu moja, ukianza na kichwa cha sini: NJE. KITUO CHA VIFODI, SAKINA. ASUBUHI. Chini yake weka kinachoonekana na kusikika tu. "Neema amechoka na maisha" haipigiki picha. "Neema anahesabu sarafu, anarudisha nyanya mbili kwenye fungu" inapigika, na hata mpiga picha anajua aweke kamera wapi.

"Muziki nachukua wa msanii ninayempenda, ni kazi ya shule tu"

Siku utakapotaka kuipeleka kwenye tamasha utaulizwa ruhusa ya maandishi, na huna. Mtafute mpiga gitaa wa kwaya yenu, mrekodi kwa ile simu ya pili, na msaini makubaliano ya nusu ukurasa siku hiyo hiyo.