Benni McCarthy: mfungaji anayeshinda moja bila

Kazi yangu ni kuwanoa washambuliaji. Wale wanaokaribia kutundika daluga hupenda kuniuliza kwa nini mastraika wengi hutamba uwanjani halafu wakayumba wakipewa benchi la ufundi. Huwa nawasimulia safari ya Benni McCarthy, kwa sababu mambo yote yamo: mabao, kufukuzwa kazi, na timu ya taifa ya Kenya.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1977, akakulia Hanover Park, akaanzia Seven Stars, na alipofika miaka 20 tayari alikuwa Ajax ya Uholanzi. Mapema 1998 alikwenda AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Burkina Faso akafunga mabao saba, manne kati ya hayo katika mechi moja dhidi ya Namibia. Fainali Afrika Kusini ilifungwa 2-0 na Misri. Nitatoka nje ya mada kidogo, maana fainali ile inanifurahisha kila nikiikumbuka. Aliyelingana na Benni kwa mabao saba alikuwa Hossam Hassan wa Misri, ambaye mwaka 2024 alikabidhiwa timu ya taifa lake. Na kocha wa Misri siku ile, Mahmoud El-Gohary, alikuwa straika pia, mfungaji bora wa AFCON ya 1959. Kwa hiyo anayedai wafungaji hawawezi ukocha, fainali hiyo moja ina mengi ya kumjibu.

Tukirudi kwa Benni: José Mourinho alimchukua Porto kwa mkopo mwaka 2002, kisha akarudi moja kwa moja 2003. Msimu wa 2003–04 alimaliza mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mabao 20. Februari 25, 2004 aliifunga Manchester United mara mbili, Porto wakashinda 2-1, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Bao lake la pili siku ile, la kichwa, ndilo ninalowaonyesha vijana wangu. Tazama miguu yake kabla krosi haijapigwa. Hakimbilii mpira. Anasubiri, anapima mpira utashukia wapi, kisha anapaa juu ya beki. Baadaye akiwa Blackburn alifunga mabao 18 ya ligi msimu wa 2006–07, akizidiwa na Didier Drogba peke yake.

Shida ya ukocha inaanzia hapo hapo kwenye kusubiri. Straika huusoma mchezo kuanzia mwisho. Anajua sekunde mbili za mwisho kuliko mtu yeyote, lakini zile ishirini zilizotangulia, yaani beki alivyoutoa mpira nyuma na kiungo alivyogeuka nao, kwake zilikuwa kazi ya watu wengine. Kiungo mkabaji amekuwa akizipanga sekunde hizo tangu utotoni. Akiwa kocha hajifunzi jipya sana. Straika anaanza upya. Isitoshe, mambo mengi anayafanya kwa silika, na silika haielezeki ubaoni. Nimeshuhudia wafungaji hodari wakimwambia kijana "pale unafunga tu", wakidhani wamefundisha.

Benni hakurukia kiti kikubwa. Baada ya kustaafu 2013 alikwenda Ubelgiji kuwa msaidizi Sint-Truiden. Mwaka 2017 alichukua Cape Town City ya kwao Afrika Kusini, na 2018 wakabeba MTN8, kombe la huko huko. Mwaka uliofuata akaondoka. Desemba 2020 akapewa AmaZulu, klabu nyingine ya Afrika Kusini, akaifikisha nafasi ya pili kwenye ligi, kisha hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kufika Machi 2022 alishaachishwa kazi. Ndivyo ukocha ulivyo.

Kisha Manchester United wakamwita kuwanoa washambuliaji wao, kazi kama yangu, ila mshahara sidhani. Msimu wake wa kwanza, Marcus Rashford alifunga mabao 30 katika mashindano yote, kutoka matano msimu uliotangulia. Wengi wakampa Benni sifa zote. Msimu uliofuata Rashford alifunga manane, na kocha wa washambuliaji alikuwa yule yule. Sisi tunaweza kumfundisha mtu kugeuza shingo, kujificha mgongoni mwa beki na kupiga bila kuuremba mpira. Pasi isipofika, hayo yote yanabaki mazoezini.

Nadhani hilo amelielewa vizuri, na ushahidi wangu ni Kenya, aliyokabidhiwa Machi 2025. CHAN ya Agosti mwaka huo, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikuwa ya kwanza kwa Harambee Stars. Waliifunga DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, wakaifunga Morocco 1-0, wakamaliza kundi kwa kuifunga Zambia 1-0. Mechi nne, mabao manne, wamefungwa moja, wameongoza kundi. Mechi ya Morocco walicheza kipindi cha pili wakiwa kumi baada ya kadi nyekundu, na bao la Ryan Ogam likalindwa hadi filimbi ya mwisho. Morocco hao ndio waliokuja kuwa mabingwa.

Mfungaji bora wa kihistoria wa Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, mwenye mabao 31, alijenga timu inayoishi kwa bao moja. Sioni kinyume chochote hapo. Mtu aliyehangaishwa na mabeki maisha yake yote anajua ni kipi kilichokuwa kikimkera: beki asiyekurupuka, kiungo anayerudi mapema kuziba njia ya pasi, mstari usioacha upenyo. Anaupanga ukuta ambao yeye mwenyewe angechukia kukutana nao.

Bei ya ukuta huo ilionekana robo fainali. Madagascar walisawazisha kwa penalti, ikaisha 1-1, na Kenya ikatolewa kwa matuta Kasarani. Mechi tano, na hakuna hata moja ambayo Stars walifunga bao la pili.